Waya

Mkebe ulipofunguka, chumba kizima kikanuka siki.
Kwetu Marikina siki ni Jumapili, ni kuku wa adobo,
ni mama akipiga kifuniko kwa mwiko.
Humu, ghorofa ya pili nyuma ya gereji,
siki ni filamu inayokufa:
ukanda umejikunja kama gome la mdalasini,
na Teodulo, bosi wangu, akiunusa kama daktari
asiyetaka kusema mbele ya mgonjwa.

Kila mtoto wa visiwa hivi anamjua yule mwanamke
anayekatika kiunoni usiku:
nusu ya juu huota mbawa, ikaenda zake kuwinda,
nusu ya chini husubiri, imesimama, kwenye migomba.
Uikute nusu ile, uimwagie siki,
haziungani tena. Jua likitoka, basi.

Mwaka sabini na nne walimtengenezea filamu,
siku kumi na moja, kwa pesa za muuza barafu.
Ikachekwa wiki mbili, ikashushwa.
Wakabaki wale wachache wasiosahau,
wakanakili kanda, na nakala ya kanda, na nakala ya nakala,
hata uso wa Perlita Agbayani
ukawa ukungu wenye macho.

Sisi tulikuwa na nusu ya juu.
Nusu ya chini ilipatikana Kolon, Ujerumani,
chini ya sinema iliyogeuzwa duka la magodoro.
Huko Perlita alikuwa akipiga mayowe kwa Kijerumani.

Miezi saba.
Fremu laki moja na ushei, moja baada ya moja,
kuvu, mikwaruzo, alama ya kidole cha mtu
aliyekula kitu chenye mafuta kabla sijazaliwa.
Nikalala nikiota vumbi.
Mwanangu akaniuliza kwa nini nampangusa shavu
na halina kitu.

Dakika ya arobaini na moja anaruka juu ya kanisa.
Nilipouondoa ukungu, waya ukajitokeza,
mweupe, umenyooka kutoka begani
hadi nje ya picha.
Miaka hamsini uchafu ulikuwa umemsitiri.

"Ufute," Teodulo akasema. "Kazi ya mchana mmoja."
Nikaanza kuufuta.

Siku hiyohiyo Perlita alikuja kurekodi kumbukumbu zake,
miaka sabini na tisa, mwavuli, kopo la biskuti.
Akasimama nyuma ya kiti changu. Hakujitazama.
Akagusa kioo, pale juu, ukingoni.
"Huo si waya," akasema. "Huyo ni Abelardo."

Kakake. Alikuwa juu ya jukwaa la mianzi,
viganja vimefungwa matambara, ana homa, anavuta.
"Nilikuwa kilo hamsini na mbili," akasema,
"lakini kwenye mabango waliandika arobaini na tano.
Abelardo peke yake ndiye aliyejua ukweli."
Akacheka. Kisha akatafuta leso mkobani,
akatafuta muda mrefu.

Teodulo akakohoa.
Akazima kiyoyozi, akakiwasha tena.
"Rudisha," akaniambia, na akatoka kwenda kununua sigara,
naye aliacha sigara tangu mwaka juzi.

Diski zilitoka Desemba, nakala elfu moja na mia tano,
jalada jekundu, mbawa mbili, kijitabu ndani.
Perlita hana mashine ya kuichezesha.
Yake ameiweka juu ya friji, imesimama,
kama picha ya ndugu aliye mbali.

Januari ikaja barua ya mteja, mwenye hasira na tahajia safi:
amelipa pesa nyingi, kazi ni nzuri, ila, samahani,
dakika ya arobaini na moja
waya unaonekana.

Nikaisoma mara mbili, nimesimama,
chai ikipoa.
Nikamjibu: Naam.
Tazama juu yake kidogo, upande wa kulia.
Picha ikitikisika, ni yeye anabadilisha mkono.